Mpira wa mshipa mkuu wa shingoni: ngozi ni safi, homa imetoka wapi?

Binti wa Mgonjwa
Habari zenu. Mama yangu amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na leo ni siku ya 9 tangu awekewe mpira katika mshipa mkuu wa shingoni, kwa kuwa baadhi ya dawa zake mishipa midogo ya mkononi haizihimili. Jana, kama nusu saa baada ya mpira huo kusukumiwa maji ya chumvi na dripu kufunguliwa, alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta, kisha homa ikapanda hadi nyuzi 39.4. Nimepaangalia mahali mpira ulipoingilia: hapana usaha, hapana wekundu, wala haumii akiguswa. Madaktari wanaushuku mpira. Ngozi ikiwa safi hivyo, vijidudu vimepita wapi?

Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole sana, dada. Kutetemeka muda mfupi baada ya mpira kusukumiwa maji kungenishtua kuliko homa yenyewe. Katika siku za mwanzo, vijidudu hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa na kuteremka kwa nje ya mpira. Ukishakaa zaidi ya wiki moja hivi, mara nyingi huingia kwa ndani, kupitia viungio ambavyo sisi wauguzi huunganishia sindano na dripu kila saa chache. Humo hujijengea utando wa ute unaong'ang'ania plastiki na ambao antibiotiki haiumalizi kwa urahisi, na maji yakisukumwa, vijidudu huingia moja kwa moja kwenye damu, karibu kabisa na moyo. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa namna hii hawana usaha wowote shingoni.

Kiungio hakipanguswi tu, husuguliwa kwa spiriti kama sekunde 15, kisha huachwa kikauke. Nikiri kwamba zamu ikiwa na pilikapilika, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa.

Binti wa Mgonjwa
Asante kwa kunifafanulia. Kwa nini basi hawakuubadilisha siku ya 7, kabla ya homa?

Daktari wa Mahututi
Kubadilisha kwa ratiba hakushauriwi, kwa sababu hakupunguzi maambukizi, ilhali kila uchomaji mpya una hatari yake, ikiwemo kutoboa pafu au kuchoma ateri. Kinachosaidia ni kuuliza kila asubuhi kama mgonjwa bado anauhitaji, na jibu likiwa hapana, utolewe siku hiyo hiyo. Hilo lilikuwa moja ya mambo 5 yaliyosimamiwa katika vyumba 103 vya mahututi, vingi vikiwa jimbo la Michigan, Marekani. Mengine ni kunawa mikono, kumfunika mgonjwa kwa shuka kubwa tasa, yaani isiyo na vijidudu, huku anayeuweka akivaa barakoa, kofia, gauni na glavu, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, na kuepuka mshipa wa kinena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha wastani wa maambukizi ukishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na mpira, na hakuna hata jambo moja kati ya hayo lililohitaji mashine.

Kwa mama, waulize kama damu imechukuliwa kwa wakati mmoja kutoka kwenye mpira na kutoka mkononi, ikaoteshwe maabara kuona kama ina vijidudu, ikiwezekana kabla ya antibiotiki kuanza. Damu ya mpira ikiotesha bakteria angalau dakika 120 kabla ya ile ya mkono, mpira unakuwa mshukiwa mkuu. Wakipatikana bakteria wa Staphylococcus aureus au fangasi wa Candida, sisubiri, mpira hutoka. Hata hivyo dawa haiishii hapo. Kwa huyo wa kwanza, matibabu hayapungui siku 14.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Niongeze kidogo kuhusu bandeji. Ile ya kuonyesha ndani hukaa hadi siku 7 na ya kitambaa siku 2, lakini ikilowa au kubanduka hubadilishwa papo hapo. Ukiona ukingo umeinuka, mwite nesi, usiubonyeze urudi.

Binti wa Mgonjwa
Damu imechukuliwa sehemu zote mbili asubuhi hii. Na kona ya bandeji ilikuwa imebanduka tangu juzi. Mimi mwenyewe nilikuwa naibonyeza.