Picha ya John Kay yenye mwaka 1787: nitajuaje ilichapwa lini?

mkusanyaji_k: Wakuu, mnadani kuna picha ya chapa ya John Kay, yule kinyozi wa Edinburgh aliyegeuka mchora katuni. Ni ile ya mwanajiolojia James Hutton na mkemia Daktari Joseph Black wamekaa wanazungumza, iitwayo "Philosophers". Muuzaji anasema ni chapa ya 1787. Ipo ndani ya fremu. Nikague nini?

Wino_Mweusi: Kwanza iondoe kwenye fremu, kwa kioo mbele hutajua kitu. Halafu mwaka usikudanganye. Kay alizoea kuchonga mwaka kwenye bamba lenyewe la shaba, kwa hiyo kila nakala inatoka nao. Alifariki 1826, na mchapishaji Hugh Paton akayachapa mabamba yake kitabuni 1837–38. Nakala nyingi zinazozunguka sokoni ni kurasa zilizochomolewa humo. Ni chapa halali za bamba la Kay, ila si za 1787, na bei iwe hivyo.

bamba_na_asidi: Naongezea. Bamba hupakwa nta, likachorwa kwa sindano, asidi ikala shaba pale nta ilipotoka. Wino hujazwa kwenye mifereji hiyo, uso ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikabanwa kwa rola. Ndiyo maana chapa ya kweli ina mbonyeo wa mstatili kuizunguka picha. Usipouona usihukumu haraka: huenda kingo zilikatwa, au karatasi ililowekwa na kupigwa pasi. Mulika taa kutoka ubavuni, wino utaonekana umeinuka kidogo. Kwa lenzi ya mara 10, ukiona vidoti vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya picha ya kiwandani, achana nayo.

Wino_Mweusi: Na karatasi: inyanyue kwenye mwanga. Mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mingine kila sm 2.5 hivi, ni dalili nzuri ya karatasi ya zamani, ingawa karatasi ya zamani tupu hupatikana na matapeli wanalijua hilo. Alama ya maji (nembo ndani ya karatasi inayoonekana kwenye mwanga) yenye mwaka ndiyo ushahidi mzito. Ikisoma 1820, hoja ya 1787 imekufa.

mkusanyaji_k: Ina madoa ya kahawia. Nisafishe?

bamba_na_asidi: Usiguse dawa ya kung'arisha nguo, inaozesha nyuzi za karatasi. Toa kadibodi ya nyuma, kwa kawaida ndiyo yenye asidi, weka isiyo na asidi, na usitumie selotepu hata kipande. Mistari ikiwa imepauka kwenye nguo za Black, huo si uchafu. Bamba lilikuwa limechakaa.