SEEK_HOLE inarudisha mwisho wa faili tu

mgogo_kernel: Wakuu, naandika dreva ya mfumo wa faili kwenye Linux. Picha ya diski ya mashine pepe ina GB 40, data halisi GB 3. Kuinakili toka Dodoma kwenda seva ya Dar, programu inauliza kwa SEEK_HOLE (ombi la kutafuta shimo, yaani sehemu ya faili isiyo na data) lakini inajibiwa mwisho wa faili tu, hivyo inasoma sifuri zote. Nini kinakosekana?

nkuhungu_c: Bila shaka bado unatumia generic_file_llseek, fanksheni ya kawaida ya kernel ya kutafuta nafasi ndani ya faili (llseek). Hiyo huhesabu faili zima kuwa data, shimo liko mwishoni tu. Andika llseek yako: shika inode_lock_shared (kufuli ya faili), SEEK_HOLE iite iomap_seek_hole, SEEK_DATA (ombi la kutafuta data) iite iomap_seek_data, zote za iomap, maktaba ya kernel ya ramani ya faili kwenye diski; achia kufuli, kisha vfs_setpos iweke nafasi mpya. Maombi mengine yaachie generic_file_llseek. Ofseti ikifikia ukubwa wa faili, jibu ni -ENXIO (kosa la nafasi isiyokuwepo).

area_d: Sawa, ila balaa liko kwenye bloku zilizotengwa bila kuandikwa. Ukizitaja IOMAP_HOLE (shimo) ndani ya iomap_begin, fanksheni yako inayoieleza iomap aina ya kila kipande, data mpya iliyo bado kwenye kashe (kumbukumbu, haijafika diski) itarukwa, na nakala itoke na sifuri kimya kimya. Ziite IOMAP_UNWRITTEN (hazijaandikwa), hapo iomap hukagua kashe yenyewe. Endesha generic/285, jaribio la SEEK_HOLE na SEEK_DATA katika xfstests (mkusanyiko wa majaribio ya mifumo ya faili), kabla hujagusa picha za kazini.

mgogo_kernel: Kumbe! Zangu zote nilizitaja HOLE. Shukrani wakuu.