Mwalimu amegawa darasa la nne kuwa Duma, Swala na Kobe, sasa watoto wetu wanabaguana

Ndugu wanajamvi, nimevumilia tangu shule zilipofunguliwa Januari, lakini Jumatano asubuhi binti yangu aliketi mlangoni akiwa amekwisha vaa sare, akakataa kwenda shule, akaniuliza kama kuna shule ambayo haina Kobe. Siwezi kunyamaza tena.

Anasoma darasa la nne katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Darasa lina watoto zaidi ya 90, na kila baada ya mtihani wa mwezi mwalimu wa darasa huwahamisha madawati kwa kufuata nafasi waliyoshika: wa juu hukaa safu za mbele na huitwa Duma, wa kati ni Swala, na waliobaki hupelekwa nyuma kabisa, kwenye safu alizozipa jina la Kobe. Mwezi Machi binti yangu alishika nafasi ya 71, akawa Kobe.

Mambo hayakuishia kwenye madawati. Wakati wa mapumziko Duma ndio wanaopanga timu za rede, na Kobe huambiwa wakae pembeni waokote mpira. Rafiki yake wa tangu chekechea, ambaye nyumba yao na yetu zimetenganishwa na ukuta tu, sasa hurudi nyumbani akipita upande wa pili wa barabara, kwa sababu wenzake wa Duma wamemwambia kwamba ukiandamana na kilaza nawe utakuwa kilaza. Jamani, hawa ni watoto wa miaka 9 na 10!

Kinachoniuma zaidi ni viranja. Wote watatu wametoka Duma, na mwalimu anapotoka nje wao ndio huandika majina ya wapiga kelele. Ukitoa ubuyu au kipande cha muhogo, jina lako linafutwa; usipotoa, unaandikwa hata kama ulikuwa umeinamia daftari lako kimya, na walioandikwa huchapwa bila kuulizwa neno. Kwa wiki kadhaa binti yangu alikuwa akiniomba shilingi 500 badala ya 300 ninayompa siku zote, nami nikamgombeza nikidhani ni uroho. Wiki hii ndipo nilipojua kwamba ile 200 ilikuwa ya kiranja. Mimi nimemwomba radhi mwanangu. Hakuna mwingine aliyemwomba.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinijibu kwamba darasa la nne lina upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, hivyo ushindani ni lazima, na kwamba watoto kutaniana ni kawaida. Nakataa. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Ikiwa chombo kinachosimamia mitihani ya nchi nzima kimeona hakuna sababu ya kuwapanga vijana hadharani, kwa nini watoto wadogo wapangwe na kubandikwa majina ya wanyama?

Wala nisiambiwe kwamba watoto ndivyo walivyo. Mwaka 1968, siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu Jane Elliott wa mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa nchini Marekani, aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la tatu kwamba wenye macho ya rangi fulani ni bora kuliko wenye macho ya rangi nyingine. Siku hiyo hiyo marafiki walianza kudharauliana. Yeye alikusudia wajionee jinsi ubaguzi unavyouma, kisha akabadilisha zamu na kuwaeleza. Huku kwetu zoezi hilo linaendelea mwaka mzima, na hakuna anayewaeleza watoto chochote.

Ninachodai ni kwamba majina hayo yafutwe, watoto wachanganywe kwenye madawati, na viranja wanyang'anywe karatasi ya kuandika wenzao. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa ofisini kwa mwalimu mkuu pamoja na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Mzazi yeyote ambaye mwanawe amekutana na haya, hata kama mwanawe ni Duma, naomba aje tuingie pamoja.