Naomba ushauri: utumishi wa jeshi na tabia vina uzito gani tunapomchagua rais?

Msafiri wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima zenu. Nina jambo linaloninyima usingizi, na nimeona afadhali nililete kwenu kuliko kuendelea kuligeuzageuza peke yangu. Katika uchaguzi ulio mbele yetu wagombea wenye nguvu ni wawili. Wa kwanza ni ofisa mstaafu wa jeshi ambaye inasemekana ana nishani ya ushujaa, mtu wa maamuzi ya haraka ambaye akisema saa mbili huwa ni saa mbili. Wa pili hajawahi kuvaa magwanda hata siku moja, lakini hata wapinzani wake hukiri kwamba hajashikwa na uongo, ingawa hulipima jambo mpaka wenzake wanachoka kumsubiri. Je, miaka ya jeshini ihesabiwe kiasi gani, na tabia ya mtu ihesabiwe kiasi gani? Naomba mnisaidie kabla ya Jumamosi.

Kalamu Butu

Ndugu, historia imekwisha kulijibu swali lako, tena kwa majibu yanayogongana. Abraham Lincoln alikuwa kapteni wa wanamgambo wa kujitolea kwa muda mfupi mwaka 1832, hakupigana vita vya maana, na baadaye alijicheka mwenyewe bungeni kwamba mapambano ya damu aliyoyajua yalikuwa dhidi ya mbu. Huyo ndiye aliyeiongoza Marekani katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Jenerali aliyemshindia vita hivyo, Ulysses Grant, aliingia ikulu mwaka 1869 na akazungukwa na walaji. Katibu wake binafsi, ofisa aliyekuwa naye vitani, aliposhtakiwa katika kashfa ya kodi ya wiski, Grant alitoa ushahidi wa kumtetea mwaka 1876, na mtu huyo akaachiwa huru. Kumtetea mwenzako wa mahandaki ni sifa kubwa kambini, lakini rais akiwa na sifa hiyo bila kiasi, wezi watajipanga kuwa marafiki zake.

Jicho Halilali

Kwa nini twende mbali? Idi Amin alikuwa askari tangu ujana wake, akajipandisha mpaka fildimashali, na kifua chake hakikuwa na nafasi ya nishani nyingine. Majeshi yake yalipoivamia Tanzania mwaka 1978, Amiri Jeshi Mkuu wa upande wa pili alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule, na kufikia Aprili 1979 fildimashali alikuwa ameikimbia Kampala. Hata hivyo nisiwaonee wanajeshi wote, kwa maana Jakaya Kikwete aliacha jeshi mwaka 1992 akiwa luteni kanali, akachaguliwa kuwa rais mwaka 2005, na mihula yake miwili ilipokwisha akaondoka.

Mama wa Watatu

Mimi nimeolewa na mwanajeshi kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Nidhamu ninayoijua ni ya viatu kupangwa mstari mmoja mlangoni na watoto kuhesabiwa kabla ya kulala, kana kwamba kuna atakayetoroka kambi. Siku aliyonikosea kweli, ilimchukua miezi minne kusema samahani, kwa sababu huko alikozoea mkubwa hakosei, anarekebisha amri. Tangu hapo mgombea yeyote ninampima kwa jambo moja: je, aliwahi kusimama mbele za watu akasema kwamba alikosea? Kama hajawahi, nishani zake azitundike sebuleni kwake.

Sajini Mstaafu

Pole, dada, lakini hatuko hivyo sote. Nilitumikia chini ya kapteni mmoja ambaye hakugusa sahani mpaka kuruta wa mwisho awe amepata chakula, na siku mgao ulipopungua alikunywa chai kavu akaenda kukagua malindo. Miaka thelathini imepita, na akiniita leo nitakwenda kabla ya kuuliza ni wapi. Jeshi lina faida moja kwa mpiga kura, nayo ni kwamba ofisa hawezi kujificha machoni pa walio chini yake, maana wanamwona akiwa na njaa, na usingizi, na hofu. Kwa hiyo usimwulize mgombea kuhusu utumishi wake, waulize aliowaamuru. Sasa nikuulize wewe, kijana wangu. Uchaguzi bado, umesema mwenyewe uko mbele. Jumamosi kuna nini?

Msafiri wa Usiku

Nawashukuru nyote kwa mchango wenu. Jumamosi si jambo kubwa, ni mkutano tu ambao nimealikwa. Naomba turudi kwenye swali la msingi, kwamba je, tukio moja la zamani lina haki ya kufuta miaka mingi ya utumishi mwema?

Sajini Mstaafu

Hilo silo swali uliloanza nalo. Umealikwa kama nani, na tukio lipi?

Msafiri wa Usiku

Afande, umenibana, nami sina budi kusema. Nilitumikia chini ya huyo mgombea wa kwanza nikiwa karani wa kikosi. Usiku mmoja msafara wetu ulishambuliwa njiani, na majeruhi wawili wakabaki upande wa pili wa barabara. Aliyerudi kuwachukua chini ya risasi alikuwa koplo wetu mmoja, akawaleta wote wawili, na yeye akafariki dunia siku tatu baadaye. Kamanda alikuwa kwenye redio akiomba msaada, kazi ambayo nayo ilikuwa ya lazima. Mapendekezo ya nishani yalipoandikwa, yalisema kwamba aliyevuka barabara ni kamanda. Niliyeyaandika ni mimi, na Jumamosi nimeombwa nisimame jukwaani nimshuhudie.

Lakini kabla hamjanihukumu, fikirini na haya. Huyu mtu amewalipia karo watoto wa yule koplo mpaka wote wakamaliza masomo, bila kuwaita waandishi wa habari. Baada ya usiku ule sikumwona tena akichukua kisicho chake. Tena katika hotuba yangu sijaandika uongo. Nimeandika tu kwamba chini ya uongozi wa kamanda wetu hakuna aliyeachwa nyuma, na ni kweli, hakuna aliyeachwa.

Kalamu Butu

Kisarufi sentensi yako haina kosa. Kasoro yake ni kwamba mtenda amefichwa, na mtenda huyo ni marehemu.

Mama wa Watatu

Kumbe hotuba imekwisha kuandikwa! Basi hukuja kuomba ushauri, ulikuja kuomba ruhusa. Na hiyo karo, ndugu yangu, mbona inafanana na ile miezi minne ya mume wangu, ambapo alininunulia kila kitu isipokuwa neno moja?

Shaka Halali

Wanajukwaa, samahani, lakini hii ni chai. Mwanachama huyu amejiunga juzi. Katika ujumbe wa kwanza anasema "inasemekana" mgombea ana nishani, na katika wa tatu ni yeye aliyeiandikia maelezo. Hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna kituo. Mbinu hii ni ya zamani: mwaka 2004 kundi la wanajeshi wastaafu wa Marekani lilijitokeza kupinga nishani ambazo John Kerry alizipata Vietnam, ilhali wengi wa waliokuwa naye ndani ya boti yake walimtetea, na shaka iliyopandwa ilimwandama mpaka siku ya kura. Kwa maoni yangu tunaongea na mtu wa kampeni ya mgombea wa pili.

Jicho Halilali

Au wa mgombea wa kwanza, ili tuondoke hapa tukisema kwamba hata dhambi zake huzilipia karo.

Msafiri wa Usiku

Nilisema "inasemekana" kwa sababu niliona aibu. Majina sitayataja, kwa kuwa kuna watoto wa watu ndani yake. Anayeona nimetunga aendelee kuona hivyo, na pengine ingekuwa nafuu kwangu.

Sajini Mstaafu

Shaka Halali ana haki ya kuuliza, nami nina swali langu ambalo mtungaji wa hadithi hangelitegemea. Karani wa kikosi hukaa na mafaili yake. Ulikuwa unafanya nini katika msafara wa usiku?

Msafiri wa Usiku

Ilikuwa tarehe 28, afande. Nilikuwa nimelikalia sanduku la mishahara ya kituo cha mbele, katika gari la tatu. Amri ilikuwa nisishuke na nisiliache kwa sababu yoyote. Kutoka nilipokuwa nimekaa mpaka kwa wale majeruhi hapakuwa mbali, na koplo yeye alitoka gari la tano. Kwa hiyo kamanda aliponiambia niandike vile alivyotaka, sikuwa na mdomo wa kumwuliza yeye alikuwa wapi.

Sajini Mstaafu

Nimejibiwa. Nakuamini, ingawa ningependa nisikuamini.

Shaka Halali

Mimi bado. Sanduku la mishahara linaweza kutungwa na yeyote aliyewahi kukaa karibu na kambi.

Kalamu Butu

Iwe ya kweli au ya kutungwa, swali la uzi linabaki palepale, na naliona limebadilika sura. Tulikuwa tukijadili kama nishani inamfaa mgombea, na sasa tunajadili wangapi wanapaswa kunyamaza ili iendelee kumfaa. Rais mwenye siri ya namna hii atahitaji makarani wengi zaidi ya mmoja.

Mama wa Watatu

Mimi nina moja tu. Mjane wa koplo anajua?

Msafiri wa Usiku

Sijui anajua nini. Ratiba ya Jumamosi nimeletewa leo asubuhi. Amepangiwa safu ya mbele, kiti cha pili kutoka kwa mgombea, na mimi napanda jukwaani mara tu baada ya yeye kukabidhiwa shada la maua.