Lori la jeshi halivuti: gumzo la ukoo

Idi: Shikamooni wakubwa. Mjomba Rashidi, ukipata nafasi nisaidie. Lile lori la jeshi, M35A2, leo limeanza vituko. Linawaka vizuri, barabara tambarare linakwenda, likikuta mlima linaishiwa nguvu hadi karibu linazima. Nikiegesha dakika chache linarudi sawa. Halafu nikiachia pedeli ya mafuta sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haishuki, injini inabaki inanguruma tu.

Kaka Juma: Hiyo pampu ya mafuta ya injini imekufa. Tafuta nyingine ufunge, usijichoshe.

Mjomba Rashidi: Marahaba mpwa wangu. Juma, acha kuua pampu za watu. Hiyo imetengenezwa na American Bosch, plunja moja tu (kipistoni kinachosukuma mafuta) inagawia silinda zote 6. Ukiifungua kwenye vumbi umejitafutia kazi ya mwezi. Iguswe mwisho kabisa.

Mjomba Rashidi: Idi, likiishiwa nguvu linatoa moshi gani?

Idi: Hakuna moshi kabisa. Hata ule mweusi wa kawaida siuoni.

Mjomba Rashidi: Basi lina njaa. Dizeli ikikosa nguvu bila moshi, mafuta hayafiki. Ungekuwa mweusi tii ningekutuma kwenye filta ya hewa na turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Kurudi sawa baada ya kupumzika nako kunanionyesha tangini.

Zuhura: Shikamoo Mjomba. Si wanasema hayo malori yanakula mafuta yoyote? Labda limechoka na dizeli 😂

Mjomba Rashidi: Marahaba binti. Ni kweli, injini yake iliundwa hivyo. LDT-465, lita 7.8, ilifuata mfumo wa mwako wa MAN, kampuni ya Ujerumani: mafuta yanarushwa kwenye ukuta wa kibakuli kilicho ndani ya pistoni, yanageuka mvuke na kuungua kidogo kidogo. Ndiyo maana inakubali dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na petroli wakati wa dharura. Pembeni ya pampu kuna kifaa kinachopima wepesi wa mafuta, yakiwa mepesi kinaongeza kiasi. Lakini kula chochote si kula uchafu. Maji na matope hayaungui kwenye mfumo wowote.

Shangazi Mwanaidi: Hamjambo wanangu. Mimi naomba tu nguo zenye dizeli zisichanganywe na zangu.

Idi: Shikamoo Shangazi, nimekusikia 🙏🏾

Mjomba Rashidi: Sasa sikiliza kabla hujawasha tena. Sailensa isiyoshuka ndiyo inayonitisha kuliko huo mlima. Injini hiyo haizimwi na swichi. Inazimwa na kebo ya kuvuta iliyo kwenye dashibodi, inayokata mafuta pale kwenye pampu. Kitu kikinasa ndani ya pampu, hata hiyo kebo huenda isisaidie, na injini itapanda mizunguko mpaka ivunjike. Kwa hiyo Zuhura akae karibu na mdomo wa hewa wa injini na ubao unaoufunika wote, ikigoma kuzima ainyime hewa. UBAO. Mkono hapana, kitambaa hapana, turbo inavuta vibaya sana.

Zuhura: Mimi tena jamani 😳

Mjomba Rashidi: Wewe ndiye mwenye akili hapo. Na Idi, ubao ukishindwa: kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia kubwa, achia klachi, injini izimike kwa mzigo.

Idi: Sawa. Tunaanzia wapi?

Mjomba Rashidi: Tangini. Usiwashe injini. Washa swichi tu, weka sikio kwenye tangi. Lina pampu ya umeme ndani, inatakiwa ivume.

Idi: Inavuma. Si kwa nguvu ila inavuma.

Mjomba Rashidi: Vizuri. Pampu hiyo ikifa injini bado inaweza kujivutia mafuta, ila kutoa hewa baada ya kubadilisha filta kunakuwa mateso. Sasa washa injini, zungusha lori kidogo, ukirudi fungua kifuniko cha tangi taratibu usikilize.

Idi: [sauti, 0:06]

Kaka Juma: Hiyo "fyuuu" ni nini?

Mjomba Rashidi: Ni tangi linavuta hewa. Kipumulio kimeziba. Mafuta yakitoka hewa haiingii, mvuto unajijenga ndani, mlimani injini inapotaka mafuta mengi haipati. Ukiegesha, hewa inapenya polepole, gari linajifanya limepona. Safisha kifuniko na bomba lake la kupumulia. Filta umezimwaga maji?

Idi: Ya kwanza imetoa kama nusu kikombe cha maji ya kahawia, na kitu kama ute mweusi.

Mjomba Rashidi: Huo ute ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Lori lililosimama muda mrefu halikosi. Badilisha filta zote, ile ya kwanza na zile mbili zilizo kwenye injini. Ukimaliza toa hewa: washa swichi, legeza skrubu ya juu ya filta mpaka povu liishe, dizeli itoke safi, kisha kaza.

Kaka Juma: Na kama kuna mpira unaingiza hewa?

Mjomba Rashidi: Swali zuri, leo umeamka. Pampu ya tangini ikifanya kazi, bomba linakuwa na presha, kwa hiyo palipotoboka patadondosha mafuta utaona. Ikiwa imekufa, bomba linavutwa, linaingiza hewa bila kudondosha hata tone. Hapo unafunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu ya injini, unaangalia mapovu.

*(Jioni)*

Idi: Mjomba, filta mpya, kifuniko kinapumua. Mlima limepanda vizuri zaidi, ila bado si nguvu yake. Na sailensa bado iko juu.

Mjomba Rashidi: Zima. Chomoa fito ya mafuta inayotoka kwenye pedeli, pale kwenye mkono wa pampu ya injini, usogeze mkono huo kwa kidole. Unarudi wenyewe?

Idi: Unarudi haraka, springi iko hai.

Mjomba Rashidi: Alhamdulillah, pampu haina kosa. Juma umeona? Tatizo liko kati ya mguu wako na huo mkono. Sasa vuta na usukume kitufe cha mafuta ya mkono kwenye dashibodi, angalia kebo yake upande wa injini.

Idi: [picha] Kitufe kinaingia mpaka mwisho lakini waya huku hausogei. Umeshika kutu ndani ya ala, umebaki umevuta.

Mjomba Rashidi: Ndiye huyo. Ichomoe kabisa, sailensa itashuka. Kebo mpya utaweka baadaye, hiyo si ya lazima. Sasa rudisha fito. Zuhura akanyage pedeli mpaka chini, wewe angalia kama mkono wa pampu unagusa skrubu ya mwisho.

Zuhura: Nimekanyaga mpaka goti linalia.

Idi: Unabakiza kama upana wa kidole.

Mjomba Rashidi: Bushi za bawaba za fito zimelika, safari ya pedeli inaishia njiani. Rekebisha urefu wa fito kwa sasa, bushi zibadilishwe. Angalia na ile kebo ya kuzimia. Mkono wake umerudi mpaka mwisho?

Idi: Haujarudi! Kibano cha ala kimelegea, ala inateleza, waya umebaki umevuta kidogo.

Mjomba Rashidi: Basi muda wote ulikuwa unaendesha gari lililozimwa robo 😅 Kaza kibano, sukuma mpaka mwisho, kisha ujaribu kuizima mara kadhaa uhakikishe inakata.

Kaka Juma: Kwani asingeongeza tu skrubu ya mafuta pale kwenye pampu?

Mjomba Rashidi: Ile yenye lakiri? Ukiongeza mafuta bila kipima joto cha moshi wa ekzosi unachoma pistoni. Usiguse.

Idi: Limepanda mlima kwa gia ya juu, turbo inapiga filimbi! Ahsante sana Mjomba. Ila kile kifaa cha kupima wepesi wa mafuta kina unyevu chini yake.

Mjomba Rashidi: Oringi zake zimezeeka, ni kawaida. Angalia oili ya injini kwenye kijiti: ikipanda juu ya alama au ikinuka dizeli, usiwashe, unaniambia kwanza. Kesho ushushe ile pampu ya tangini, nitumie picha ya wavu wake kabla hujauosha.

Shangazi Mwanaidi: Na nguo?

Zuhura: Ziko nje, Shangazi. Na yeye yuko nje nazo.