Nyerere alikuwa mtu wa misa ya kila asubuhi. Mbona alitaifisha shule za Kanisa?

Mjukuu wa Ukerewe: Shikamooni wakubwa. Mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri ulianza jimbo la Musoma mwaka 2005. Mtu wa sala kiasi hicho aliwezaje kuzichukua shule za misheni? Imani yake ilikuwa ya dhati kweli?

Mstaafu wa Tabora: Marahaba mjukuu. Nilikuwa kidato cha pili kwenye shule ya mapadri ilipotaifishwa. Padri wa fizikia alibaki kutufundisha, ila mshahara wake sasa ukatoka serikalini. Kilichobadilika hasa ni bweni. Awali orodha ya majina ilisomeka kama litania ya watakatifu. Muhula uliofuata wakaja akina Ramadhani na Juma kutoka Ujiji.

Halafu kumbuka, Mwalimu hakuzaliwa Mkristo. Babake, Chifu Burito, alifuata mila za Wazanaki. Yeye alibatizwa 1943, kijana wa miaka 21 aliyekwisha kufika Makerere, kwa hiyo alijua anachokichagua. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowakandamiza maskini, halitakuwa na maana kwa watu. Mimi naona shule alizitaifisha kwa sababu ya imani hiyo hiyo. Mtoto wa Kiislamu akose darasa kwa kuwa wamisionari ndio waliotangulia kujenga? Hilo lisingemlaza usingizi.

Binti Gerezani: Mzee wangu nakuheshimu, ila kwetu habari haiishii hapo. TANU ya Dar ilibebwa na akina Abdulwahid Sykes na Bibi Titi. Sheikh Suleiman Takadir alipohoji mwaka 1958 hatima ya Waislamu baada ya uhuru, akafukuzwa chamani. Mwaka 1968 EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ikapigwa marufuku, ikaja BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Kanisa lilinyang'anywa shule likabaki na maaskofu wake. Sisi tulinyang'anywa jumuiya yenyewe.

Mstaafu wa Tabora: Hapo kwenye EAMWS sikubishii, binti yangu. Nikuulize tu, mzee wako alisoma wapi?

Binti Gerezani: 😂 Pugu, mzee, iliyokuwa shule ya mapadri. Pale pale Mwalimu alipofundisha hadi alipojiuzulu 1955. Alimaliza miaka ya sabini, anaisifia shule mpaka leo, na hajasamehe kupigwa marufuku kwa EAMWS.

Mjukuu wa Ukerewe: Mwulize alilala bweni moja na nani.