Kolbeki kutoka C kuja Python: ctypes, cffi, Cython au SWIG?

kiunzi:
Wakuu, nina maktaba ya C nisiyoweza kuigusa, nimepewa .h (matangazo ya fanksheni) na .so (maktaba iliyokwisha kukompailiwa) tu. Fanksheni nyingi ni za kawaida, isipokuwa hii inayotaka kolbeki, yaani fanksheni ninayoipa ili iiite yenyewe baadaye:

`int sikiliza(void (*cb)(int hali, void *data), void *data);`

Inaihifadhi pointa (anwani) ya kolbeki, kisha inaiita kila hali inapobadilika, tena kutoka kwenye uzi (thread) wake yenyewe. Mngeifunga kwa kipi kati ya hivi vyombo vinne vya kuunganisha C na Python?

mzee_wa_gcc:
SWIG itoe kwanza. Itakufungia .h nzima bila jasho, lakini ikifika hapo inataka pointa halisi ya C. Ukiipa fanksheni ya Python inakataa kwa kosa la aina. `%callback` inapitisha fanksheni za C tu, na `directors` ni za klasi za C++. Utaishia kuandika `%typemap` na daraja la C kwa mkono, sasa SWIG ya nini?

jani_kavu:
ctypes inatosha, wala huhitaji kompaila:

`KOLBEKI = CFUNCTYPE(None, c_int, c_void_p)`
`self._cb = KOLBEKI(self.hali_imebadilika)`
`lib.sikiliza(self._cb, None)`

Kila kitu kiko kwenye mstari wa pili. Ukiandika `lib.sikiliza(KOLBEKI(f), None)`, mwito wa `sikiliza` ukirudi tu Python inaona kile kitu hakina anayekishika, inakifuta, na C inabaki na anwani ya kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa. Ubaya wake, mara nyingi haianguki papo hapo. Jaribio fupi linapita vizuri, halafu programu inakufa baadaye sehemu isiyohusika kabisa. Uzi wa kigeni usikutishe, `CFUNCTYPE` inachukua GIL (kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati kuendesha Python) yenyewe kabla ya kuingia Python.

tundu_la_sindano:
Sawa, ila makosa je? Kolbeki ikirusha kosa, ctypes inalichapisha kwenye stderr (mkondo wa ujumbe wa makosa) na C inaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kwa `void` inavumilika. Kwa kolbeki inayorudisha `int` ya kuamua jambo, ni balaa.

Mimi ni cffi, kwa `extern "Python"`. Pointa inatengenezwa wakati wa kukompaili, haifutwi kamwe, na `def_extern` inakupa `error` na `onerror` useme C irudishiwe nini mambo yakiharibika. `self` unaipitisha kwenye `data` kwa `ffi.new_handle`, inayokupa handle (kishikio cha kitu cha Python kinachopita C kama `void *`), unaitoa kwa `ffi.from_handle`. Ile `ffi.callback()` ya zamani achana nayo, waandishi wa cffi wenyewe hawaipendekezi.

jani_kavu:
Lakini hiyo handle nayo lazima uishike, ama sivyo inafutwa. Mzigo ni uleule, umehamia bega lingine tu. Na maktaba isiyo na `void *data`, mfano `qsort`, fanksheni ya C ya kupanga orodha? Pointa yako ni moja, utajuaje imeitwa kwa niaba ya nani? ctypes inatengeneza pointa mpya kwa kila kitu, programu ikiwa inaendelea.

tundu_la_sindano:
Hapo umenipata. Bila `data`, ctypes inashinda. Yeye anayo, lakini.

mzee_wa_gcc:
Cython ina tatizo hilohilo la pointa moja. Ningeichukua kama kolbeki inaitwa ndani ya kitanzi kizito na kazi yake inaweza kubaki upande wa C. Toleo la 3 linataka `noexcept` kwenye fanksheni ya daraja, la sivyo aina haioani na pointa ya C. Kwa uzi wa kigeni ongeza `with gil`.

kiunzi:
Basi cffi. Handle naiweka kwenye `self`, naiachia nikishaita `acha_kusikiliza()`.

mzee_wa_gcc:
Soma kwanza kama `acha_kusikiliza()` inasubiri ule uzi umalize. Kama haisubiri, kolbeki iliyokwisha kuanza itakuta handle imefutwa. Kama inasubiri, hakikisha GIL imeachiwa wakati huo, maana uzi ule unaweza kuwa ndani ya kolbeki unaingoja GIL hiyohiyo, na wote wawili wataganda. cffi inaiachia yenyewe kwenye kila mwito wa C, na ctypes pia ukitumia `CDLL`. Kwa `PyDLL` haiachiwi, na Cython itakubidi uandike `with nogil`.